Vita vya Kagera havikuishia Mutukula, na somo lisiishie hapo

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limekuwa likiingia madarasani kwa awamu tangu mtaala mpya ulipoanza kutekelezwa Januari 2024, na wanaolijadili wamejigawa pande mbili. Upande mmoja unashangilia kwamba hatimaye vijana watapikwa uzalendo, maana walikuwa wanawajua wachezaji wa Ulaya kuliko wanavyomjua Kinjikitile. Upande wa pili unaguna: serikali imejiongezea kipaza sauti, safari hii ndani ya darasa. Kwa maoni yangu pande zote zimekosea mahali pamoja. Zote zinachukulia kwamba historia ya nchi ni ujumbe unaoteremshwa kutoka juu hadi kwa mtoto, na zinachobishania ni kama ujumbe huo ni mtamu au mchungu. Ni wachache wanaouliza mwanafunzi mwenyewe atakuwa anafanya kazi gani kipindi kizima, zaidi ya kunakili.

Mada itakayotoa jibu mapema kuliko nyingine zote ni Vita vya Kagera. Ukoloni wa Wajerumani una mkosaji asiye wetu. Vita vya Maji Maji vina mashujaa waliokwisha kuwa masanamu. Lakini vita vya 1978 na 1979 ni vyetu wenyewe: viliamriwa na Baba wa Taifa, vilipiganwa na watu ambao baadhi yao bado wako hai, na sehemu yake kubwa ilipiganwa katika ardhi ya Uganda, jirani tunayeketi naye leo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo hakuna pa kujificha. Hoja yangu ni kwamba vita vile vilikuwa na maamuzi mawili, na shule zetu zimezoea kuyafunga katika furushi moja. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumtoa mvamizi katika ardhi ya Tanzania. Wa pili ulikuwa kuvuka mpaka na kwenda mpaka Kampala. Wa kwanza hauhitaji mjadala mrefu. Wa pili unabishaniwa hadi leo na watu wenye akili timamu na nia njema, na kwa sababu hiyo ndio unaostahili vipindi vingi, ushahidi mwingi, na uhuru wa mwanafunzi kufikia hukumu ambayo huenda si ya mwalimu wake.

Kizazi changu kilivisoma vita hivi ubaoni kwa mpangilio usiobadilika: sababu, matukio, madhara. Sababu ya kwanza, uchokozi wa nduli Idi Amin. Madhara ya kwanza, vifo na uharibifu wa mali. Katikati, hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978, ya uwezo, sababu na nia, ambayo hata asiyejua tarehe nyingine yoyote ya historia anaweza kuitamka kwa mdundo wake. Ukitaja pointi tano unapata alama zako. Hakuna aliyesema uongo katika mpangilio huo, na hilo ndilo linalofanya udhaifu wake usionekane. Kasoro yake ni kwamba vita vinageuka tukio lililojiendesha lenyewe kama mvua za masika, hakuna mahali ambapo mtu alisimama njia panda akiwa na hiari ya kwenda kulia au kushoto.

Turudi basi kwenye njia panda zenyewe. Januari 25, 1971, Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda. Obote akapokelewa Dar es Salaam, na Nyerere akakataa kuutambua utawala mpya. Septemba 1972 wapiganaji waliomuunga mkono Obote waliingia Uganda wakitokea ardhi ya Tanzania, wakashindwa vibaya. Amin akajibu kwa ndege, mabomu yakaanguka Bukoba na Mwanza. Oktoba mwaka huo, kwa usuluhishi wa Siad Barre wa Somalia, nchi mbili zikasaini Makubaliano ya Mogadishu: majeshi yakae kilomita 10 kutoka mpakani, na kila upande uache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ikavunjika. Mwanafunzi asiyepewa miaka hii sita ataamini kwamba Oktoba 1978 Amin aliamka asubuhi moja akaikumbuka Kagera. Akipewa, ataanza kuuliza maswali ya haki: je, msaada wetu kwa wapinzani wa Amin ulikuwa uchokozi, au wajibu kwa watu waliokimbia mauaji? Na hata kama ulikuwa uchokozi, je, unahalalisha kilichofuata?

Kilichofuata hakihalalishiki, na mwalimu hana haja ya kuuma maneno. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Uganda liliteka eneo lililo kati ya Mto Kagera na mstari wa mpaka, takriban kilomita za mraba 1,800. Mpaka huo wenyewe ni mstari ulionyooka uliochorwa na Wazungu kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa Ikweta bila kuuangalia mto, na ni somo la jiografia linalojitegemea. Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Raia wanaokadiriwa kufikia 1,500 waliuawa, maelfu ya ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Wanahistoria bado wanabishana kilichoisukuma Uganda siku ile: wengine wanasema Amin alikuwa anakimbiza askari walioasi, wengine kwamba alihitaji vita vya nje ili kuzima moto uliokuwa ndani ya jeshi lake. Mabishano hayo ni mazuri darasani kwa sababu yanamwonyesha mwanafunzi kwamba kueleza chanzo cha kosa si kulisamehe.

Nchi ikaitika. Jeshi la Wananchi, mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT walipelekwa kaskazini-magharibi kwa mabasi na malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi, na kabla mwaka haujaisha ardhi ilikuwa imerudi mikononi mwetu. Laiti vita vingeishia hapo, makala hii isingekuwa na kazi. Nyerere alikuwa ameitaka Jumuiya ya Umoja wa Afrika, OAU, imlaani Amin, Tanzania ilipwe fidia, na Amin atamke hadharani kwamba haidai tena Kagera. OAU ikaleta wasuluhishi badala ya laana. Amin hakutamka. Januari 1979 majeshi yetu yalivuka na kuiteka Mutukula, mji wa Uganda ulio mpakani. Mwishoni mwa Februari yakaiteka Masaka, kisha Mbarara. Machi yakapambana Lukaya na askari wa Libya waliotumwa na Muammar Gaddafi kumwokoa Amin. (Libya ilijaribu pia kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza kwa ndege, bomu likakosa shabaha na kuua wanyama wa kisiwa cha Saanane. Historia nayo huwa na vichekesho vyake.) Aprili 11 Kampala ilikuwa imeanguka. Juni 3 majeshi yalifika mpaka wa Sudan.

Kwa nini kwenda mbali hivyo? Utetezi wa Tanzania wakati ule ulikuwa kwamba kulikuwa na vita viwili: kimoja cha Tanzania kumwadhibu mvamizi, kingine cha Waganda kumng'oa dikteta wao. Kisiasa ulikuwa utetezi wa kijanja. Katika uwanja wa mapambano haukushikika, kwa sababu wapiganaji wa Uganda, wakiwemo wa Obote na wale wa FRONASA, kundi la Yoweri Museveni, walikuwa wachache mno wakilinganishwa na divisheni iliyoongozwa na David Musuguri. Kazi kubwa ya kufika Kampala ilifanywa na Watanzania. Na Mkataba wa OAU, ambao Tanzania iliusaini, ulikuwa umesema wazi katika Ibara ya 3 kwamba nchi wanachama hazitaingilia mambo ya ndani ya nyingine na zitaheshimu mipaka na uhuru wa kila mmoja. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia Julai 1979, Gaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria walisema hadharani kwamba Tanzania imeweka mfano wa hatari. Hawakuwa vibaraka wa Amin kwa kusema hivyo. Walikuwa viongozi wa nchi zenye mipaka mirefu na majirani wengi, na waliogopa bara ambamo kila mwenye nguvu anaweza kumchagulia jirani rais.

Upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Amin hakuwa dikteta wa kawaida. Idadi ya waliouawa chini ya utawala wake inatofautiana sana kati ya wachunguzi, lakini 300,000 ndiyo inayotajwa mara nyingi, na OAU, iliyompa uenyekiti mwaka 1975, haikuwahi kupata sauti ya kumkemea. Kusimama mpakani baada ya kuirejesha Kagera kungemwacha na jeshi lake, Libya nyuma yake, na kila sababu ya kurudi. Hoja ya usalama peke yake ingetosha kumshawishi mtu makini. Kuna pia ulinganisho ambao sijausikia ukitumiwa darasani, nao ungewafaa sana vijana. Wakati uleule Tanzania ilipokuwa inajiandaa kuvuka Mutukula, Vietnam iliivamia Cambodia na kumwondoa mtawala wake, Pol Pot, Januari 7, 1979. Wauaji wawili wakubwa waliondolewa na majeshi ya jirani ndani ya miezi michache. Vietnam ilitengwa, na kiti cha Cambodia katika Umoja wa Mataifa kikaendelea kushikiliwa na watu wa Pol Pot kwa miaka. Tanzania ilinung'unikiwa Monrovia kisha mambo yakaisha. Tofauti ilikuwa katika sheria, katika tabia ya waingiliaji, au katika ramani ya Vita Baridi tu? Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeweza kulijibu swali hilo kwa ukurasa mmoja amejifunza siasa za dunia kuliko aliyekariri madhara kumi.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000 iliandikwa ikiwa na Ibara ya 4(h), inayoupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama panapokuwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Mauaji ya Rwanda ya 1994 ndiyo yaliyosukuma kalamu zaidi. Hata hivyo ibara hiyo haikumpa Nyerere ushindi kamili: haki hiyo ni ya Umoja kwa uamuzi wa pamoja, si ya jirani mmoja mwenye uwezo, sababu na nia.

Sehemu ninayojua itawakera wengi ni mwenendo wa jeshi letu ndani ya Uganda. Waandishi wa habari waliofuatana na majeshi yetu waliandika kwamba Mutukula ilisawazishwa kwa matingatinga na raia wakauawa, kwa hasira ya yaliyofanyika Kagera. Wanasimulia pia kwamba Nyerere alipopata habari alishtuka na kuagiza raia na mali zao wasiguswe. Mwezi mmoja baadaye Masaka na Mbarara, baada ya kutekwa, zilibomolewa kwa milipuko. Kampala iliporwa na wenyeji na askari vilevile. Haya si maneno ya wafuasi wa Amin. Ni mambo yanayojulikana kwa mzee yeyote wa Masaka, na wanafunzi wetu watakutana nayo kwenye simu zao siku watakayoandika majina ya miji hiyo. Kwa somo lenye maadili ndani ya malengo yake, sioni mada bora kuliko hii: kiongozi ametoa amri njema, askari wametoka kuona maiti za ndugu zao Kyaka, na mji wa adui uko mbele yao. Nani anawajibika kwa kilichotokea? Amiri jeshi aliyeagiza vizuri lakini hakutiiwa? Kamanda aliyekuwepo? Askari mwenyewe? Maadili yanayofundishwa bila kisa kigumu kama hiki yanabaki kuwa orodha ya tabia njema, na orodha hiyo mtoto ameshaipata nyumbani.

Baada ya ushindi, mambo hayakunyooka pia. Yusuf Lule, aliyechaguliwa kuiongoza Uganda katika mkutano wa Waganda walioishi uhamishoni uliofanyika Moshi Machi 1979, alidumu siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote huku majeshi ya Tanzania yakiwa bado nchini, Museveni akakataa matokeo na kuingia msituni Februari 1981, na Waganda wakapata vita vingine vilivyoua watu wengi mno Luwero. Wako wanaosema kwa hiyo Tanzania ilimwaga damu ya vijana wake ili kumrudishia rafiki kiti. Hoja hii ina ushahidi wa upande mmoja na inapuuza mwingine: Nyerere mwenyewe alimzuia Obote asihudhurie mkutano wa Moshi, jambo lisiloeleweka kama mpango mzima ulikuwa ni kumrejesha. Lakini swali lililo chini yake ni la haki kabisa. Anayeingia nyumba ya mwenzake kumtoa jambazi anawajibika kwa muda gani kwa amani ya nyumba ile, na anatoka lini? Majeshi yetu yalitoka 1981. Mapema mno kwa wengine, kwa kuchelewa mno kwa wengine.

Sasa pingamizi. Lililo zito kuliko yote linatoka kwa walimu wenyewe, na nakiri halina dawa ya haraka. Mwalimu ana wanafunzi 70 au zaidi mbele yake, muhtasari wa kumaliza, mtihani wa taifa unaomsubiri, na mkuu wa shule anayeogopa neno siasa. Ukimwambia aongoze mjadala kuhusu uhalali wa vita vilivyoamriwa na Nyerere, atakuuliza nani atamtetea mzazi akilalamika, na mtihani utauliza nini. Ana haki ya kuuliza. Mageuzi ya namna hii hayaanzi kwa mwalimu jasiri mmoja mmoja. Yanaanza kwa Taasisi ya Elimu kumpa hati za kufanyia kazi, na kwa Baraza la Mitihani kubadili swali. Maadamu swali linasema "eleza sababu tano za Vita vya Kagera," hakuna mwalimu mwenye akili atakayepoteza vipindi vitatu kwenye Ibara ya 3 ya OAU.

Pingamizi la pili ni la umri, na hapo nakubaliana nusu. Mtoto wa darasa la nne anahitaji kujua kwamba nchi ilivamiwa na watu wakajitolea kuitetea. Hahitaji Masaka. Kijana wa kidato cha tatu ni mtu mwingine, miaka michache tu kabla ya kupiga kura, na miaka michache kabla ya kuvaa sare za JKT kwa mujibu wa sheria. Kumwambia huyu kwamba bado ni mdogo mno kuelewa vita, kisha kumkabidhi bunduki kwenye mafunzo, ni mkanganyiko ambao sijawahi kusikia ukitetewa vizuri.

La tatu ni la kidiplomasia: tutawaudhi Waganda. Nadhani ni kinyume. Rais wao alipigana upande wetu. Wazee wao wa Masaka wanajua kilichotokea kuliko sisi. Kinachoudhi ni jirani anayejisifu kwa ukombozi na kusahau gharama aliyoilipa aliyekombolewa. Ujerumani na Ufaransa, zilizouana mara tatu ndani ya miaka 75, zilitoa kitabu cha pamoja cha historia kwa sekondari mwaka 2006, na hazikuvunja uhusiano.

Pingamizi linalopigiwa kelele zaidi ndilo dhaifu kuliko yote: kwamba kuhoji uamuzi wa pili ni kuwatukana mashujaa waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya askari wetu wa vita hivyo. Nimejaribu kulielewa na nimeshindwa. Askari aliyelala Kaboya hakuchagua kuvuka Mutukula. Aliagizwa. Kuuliza kama agizo lilikuwa sahihi ni kumheshimu, kwa sababu ni kukubali kwamba maisha yake yalikuwa na thamani kubwa kiasi cha kudai sababu nzuri. Asiyemheshimu ni yule anayesema roho yake ilitumika na hakuna ruhusa ya kuuliza ilitumikaje. Zaidi ya hapo, hoja hii inadhani uzalendo wa kijana ni kitu chepesi kinachopeperushwa na ukweli wa kwanza utakaokipiga. Kama ni hivyo, basi kijana huyo atapeperushwa na video ya kwanza atakayoiona mtandaoni, ambayo haitakuwa na mwalimu pembeni wala hati ya kulinganisha. Urusi mwaka 2023 ilitoa kitabu kipya cha historia kwa darasa la mwisho kinachowafundisha vijana kwamba vita vya Ukraine ni halali, vita ambavyo wakati huo vilikuwa bado vinapiganwa. Huo ndio mwisho wa njia ya wanaosema vita vya nchi visihojiwe shuleni, na sidhani kama watetezi wa Kaboya wanataka kufika huko.

Udhaifu huo una pacha wake upande wa wakosoaji. Ni sentensi inayorudiwa sana vijiweni: Vita vya Kagera ndivyo vilivyoua uchumi wetu. Vita viligharimu fedha nyingi za kigeni, makadirio yanayotajwa ni dola milioni 500 hivi, na Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18 ambayo kwa watu wengi ilirefuka kuwa foleni za sukari na sabuni za miaka ya 80. Lakini mwaka 1979 huohuo bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla kwa sababu ya mapinduzi ya Iran, bei ya kahawa ilikuwa imeshashuka kutoka kilele cha 1977, mashirika ya pamoja ya Afrika Mashariki yalikuwa yamekufa na kila nchi ikalazimika kuanzisha yake, na kilimo kilikuwa bado kinauguza majeraha ya kuhamishia watu vijijini. Kumbebesha Amin mizigo yote hiyo kuliwafaa sana viongozi wetu wakati ule, na mkosoaji wa leo anayeirudia sentensi hiyo anadhani anawapinga kumbe anawasaidia.

Darasa ninalolifikiria halihitaji maabara wala projekta. Linahitaji kurasa chache zilizochapwa: hotuba ya Novemba 2, Makubaliano ya Mogadishu, Ibara ya 3 ya OAU, maelezo ambayo serikali ya Tanzania iliyachapisha mwaka 1979 kujitetea, maneno ya waliompinga Nyerere Monrovia, na ushuhuda wa raia mmoja wa Kyaka na mmoja wa Masaka. Kundi moja litetee kuvuka mpaka, jingine lipinge, kisha wabadilishane. Kubadilishana ndiyo sehemu muhimu, maana mwanafunzi aliyelazimika kujenga vizuri hoja asiyoipenda hawezi tena kuwaona wanaoiamini kuwa wapumbavu au wasaliti. Na kuna bahati ambayo haijasemwa vya kutosha: somo hili linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Kwa mara ya kwanza kijana wa kidato cha pili anaweza kubishana kuhusu jambo zito bila kwanza kupigana na sarufi ya Kiingereza. Ni nafasi ambayo itapotea kama Kiswahili hicho kitatumika kukariri tu.

Ushuhuda nao una saa inayokimbia. Jenerali Musuguri alifariki Oktoba 2024 akiwa amepita miaka 100. Aliyekuwa mgambo wa miaka 20 mwaka 1978 sasa ni mzee anayekaribia 70. Mikoani wako wazee waliobeba mizinga, akina mama waliokimbia na watoto mgongoni kuvuka mto kuja kusini, madereva ambao malori yao yalichukuliwa na mengine hayakurudi. Kazi ya nyumbani ya kumhoji mzee mmoja, iandikwe na kuhifadhiwa shuleni, ingewapa wanafunzi kazi ya kweli ya mwanahistoria: wangegundua mapema kwamba wazee wawili wa kikosi kimoja hawakubaliani hata siku ya mapigano, na wangelazimika kuamua wamwamini nani na kwa nini.

Ningeweza kusema haya yote ni kwa faida ya historia, lakini sababu yangu hasa iko mbele yetu. Tanzania haijaacha kupeleka askari nje. Mwaka 2008 walikwenda Anjouan, Comoro. Tangu 2013 wamekuwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, na Desemba 2017 zaidi ya 10 waliuawa kwa shambulio moja huko Kivu Kaskazini. Wamekwenda Cabo Delgado, Msumbiji, na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kisha Kongo tena na SADC katika ujumbe uliositishwa Machi 2025 bila kuwamaliza waasi wa M23. Kila mara swali la Mutukula limerudi: tuna haki gani ya kuwa pale, lengo ni lipi, tutajuaje kwamba limetimia, na tunatoka lini. Na kila mara mjadala wa umma umekuwa mfupi na mwembamba, taarifa ya vifo, rambirambi, kimya. Bunge linaloweza kuuliza maswali hayo linachaguliwa na watu waliowahi kuyauliza mahali fulani, na kwa Watanzania wengi mahali hapo pangekuwa darasani. Kwa hiyo nitakapoona karatasi ya kwanza ya mtihani wa taifa wa somo hili, sitatafuta kama Nyerere ametajwa kwa heshima. Nitatafuta kama kuna swali linaloweza kujibiwa ndiyo na linaloweza kujibiwa hapana, na mwongozo wa kusahihisha unaompa alama zote mwanafunzi wa upande wowote aliyeleta ushahidi.